Kusoma michezo ya Capablanca na kuitumia kwenye ubao wako

Anayeanza sataranji akiitazama michezo ya José Raúl Capablanca kwa mara ya kwanza huwa haoni kitu. Malkia wanatoka mapema, askari mmoja anasogea, ngome inahamia mstari wa jirani, na kufika hatua ya 30 mpinzani ananyosha mkono kukubali. Hakuna kafara ya kutisha. Unajiambia: hata mimi ningecheza hivyo. Basi ifunike hatua inayofuata kwa karatasi uitabiri. Utakosea, utakosea tena, na hapo ndipo somo linaanza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kete zinavyotembea, anayeweza kusoma maandishi ya mchezo, na ambaye amekwama. Utahitaji ubao wa kushika kwa mkono, daftari, karatasi ya kufunikia, na dakika 40 zisizo na simu. Michezo ya Capablanca inapatikana bure mtandaoni, kwa mfano kupitia tovuti ya sataranji ya Lichess, lakini ichezeshe kwenye ubao wa mbao au wa plastiki. Kwenye skrini kidole kinakimbia kuliko jicho.

Kuhusu herufi: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Mstari ni ule wa wima, a hadi h; safu ni ile ya mlalo, 1 hadi 8. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti, na O-O ni mfalme kujificha upande mfupi. Nukta tatu baada ya namba maana yake hatua hiyo ni ya Mweusi.

Ramani ya maisha yake, ili ujue usome kipi

Capablanca alizaliwa Havana, Kuba, tarehe 19 Novemba 1888, akajifunza mchezo akiwa na miaka minne. Mwaka 1901, ndiyo kwanza anaingia miaka 13, alimshinda Juan Corzo, mchezaji mkubwa wa kisiwa hicho. Mwaka 1909 alimbwaga Frank Marshall wa Marekani kwa ushindi 8, kushindwa 1 na sare 14. Mwaka 1911 alishinda mashindano ya San Sebastián, Hispania, na mwaka 1914 akawa wa pili St Petersburg, nyuma ya Emanuel Lasker kwa nusu pointi.

Mwaka 1921, nyumbani kwake Havana, alimvua Lasker ubingwa wa dunia uliokuwa mikononi mwa Mjerumani huyo tangu 1894. Ilikuwa michezo 14: alishinda 4, sare 10, hakupoteza hata mmoja. Tangu Februari 1916 hadi Machi 1924, Richard Réti alipomshinda New York, alicheza michezo 63 rasmi bila kushindwa. Mwaka 1927 Alexander Alekhine alimnyang'anya ubingwa Buenos Aires, na pambano la marudiano halikufanyika. Mwaka 1936 alishinda Moscow na kufungana kileleni na Mikhail Botvinnik huko Nottingham. Alifariki New York tarehe 8 Machi 1942.

Kwa kujifunza, anza na michezo ya 1909 hadi 1924. Ya 1927 iache kwanza. Sababu iko mbele.

Namna ya kusoma mchezo mmoja

Chagua upande wa Capablanca. Hatua 10 za kwanza zichezeshe bila kujisumbua. Kuanzia ya 11 funika. Kila zamu yake, andika hatua yako daftarini kabla ya kufunua, pamoja na sababu kwa maneno matano au sita: "ngome mstari wa c, uko wazi", "farasi wangu hana kazi". Ukipatia hatua, jipe pointi 2. Ukikosa hatua lakini sababu ikawa ya kweli, jipe 1. Mchezo mmoja usizidi dakika 40. Ukizidi hapo unaanza kukisia.

Kosa la kawaida ni kuandika hatua bila sababu. Ukifanya hivyo mwezi mzima, utakuwa umekariri michezo 20 na hujui hata mmoja. Kosa la pili ni kuwasha kompyuta kabla ya kumaliza. Kompyuta itakuambia hatua fulani ina thamani 0.4 ya askari zaidi, haitakuambia kwa nini. Iwashe mwisho, na iulize pale tu ambapo wewe na Capablanca mlitofautiana.

Kompyuta zenyewe zinamheshimu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Slovenia, Matej Guid na Ivan Bratko, walipima hatua za mabingwa wa dunia kwa programu ya sataranji, na Capablanca akatokea kuwa mwenye makosa madogo kuliko wote. Sehemu ya sababu ni kwamba alipenda ubao usio na vurugu, ambako kukosea ni kugumu zaidi. Hiyo nayo ni mbinu.

Anza na mwisho

Capablanca mwenyewe alisisitiza kwamba mwanafunzi aanze na sehemu ya mwisho ya mchezo, kete zikiwa chache. Watu wengi hawataki kusikia hili, maana ufunguzi, yaani hatua za mwanzo, una majina matamu. Lakini huwezi kujua kama kubadilishana malkia kunakufaa ikiwa hujui kitakachobaki kinaishia wapi.

Zipo hali tatu za lazima, na usigeuze ukurasa mpaka mkono wako uzicheze usingizini.

Ya kwanza: mfalme mweupe e6, askari mweupe e5, mfalme mweusi e8. Mweupe anashinda, awe nani mwenye zamu. Mfalme aliyetangulia mbele ya askari wake hadi safu ya 6 hazuiliki, isipokuwa askari akiwa wa mstari wa a au h.

Ya pili: rudisha wote nyuma, mfalme mweupe e5, askari e4, mfalme mweusi e7. Sasa zamu ndiyo kila kitu. Zamu ikiwa ya Mweusi, lazima aachie njia, Mweupe anashinda. Zamu ikiwa ya Mweupe, ni sare. Wafalme wanapotazamana hivi huku mraba mmoja ukiwa kati yao, mwenye zamu ndiye mwenye shida.

Ya tatu ni ya ngome: mfalme mweupe g8, askari g7, ngome f1, mfalme mweusi e7, ngome h2. Mfalme mweupe amefungiwa mbele ya askari wake. Njia ya kumtoa: 1.Re1+ Kd7 2.Re4 Rh1 3.Kf7 Rf1+ 4.Kg6 Rg1+ 5.Kf6 Rf1+ 6.Kg5 Rg1+ 7.Rg4. Ngome iliyopanda hadi safu ya 4 inakuja kumkinga mfalme na cheki, na askari anaingia. Kinachoharibu hapa ni haraka: mtu anamtoa mfalme kwa 2.Kf7 bila kuiweka ngome safu ya 4, kisha cheki zinamrudisha alikotoka.

Cheza kila hali mara kumi, tano kila upande. Wiki moja inatosha.

Mtafute aliyefungwa: Winter dhidi ya Capablanca, Hastings 1919

Huu ni mchezo mfupi, hatua 29, na kwa maoni yetu ndio wa kwanza unaopaswa kuusoma kwa makini. Capablanca anacheza kete nyeusi.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Nc3 Nf6 4.Bb5 Bb4 5.O-O O-O 6.Bxc6 dxc6 7.d3 Bd6 8.Bg5 h6 9.Bh4 c5 10.Nd5

Simama hapa. Askofu wa h4 amemfunga farasi wa f6, kwa sababu nyuma yake yuko malkia. Farasi mweupe wa d5 anaongeza shinikizo. Wengi wangeogopa. Capablanca akajibu 10...g5. Mweupe akila kwa 11.Nxg5, Mweusi anakula 11...Nxd5, na baada ya 12.exd5 hxg5 Mweupe amepoteza kete nzima kwa askari mmoja, maana askofu wake akila g5 malkia anamla. Kwa hiyo William Winter akacheza:

11.Nxf6+ Qxf6 12.Bg3 Bg4 13.h3 Bxf3 14.Qxf3 Qxf3 15.gxf3 f6

Sasa weka kidole juu ya askofu wa g3. Anakwenda wapi? Mbele yake kuna ukuta wa e5, f6 na g5. Akienda h4 au f4 analiwa. H2 ni kona tu ya selo hiyo hiyo. Nyuma yake f2 ni askari wake mwenyewe. Yumo jela, na Mweusi ndiye mwenye ufunguo.

Hesabu ya kete inasema wako sawa. Hesabu ya kweli inasema kwenye upande wa malkia, yaani mistari ya a hadi d, Mweusi ana kete moja zaidi, kwa sababu askofu wa g3 hawezi kufika huko kusaidia. Tazama anachofanya Mweusi kuanzia hapa: haendi tena upande wa mfalme. Kila kitu kinahamia upande mwingine.

16.Kg2 a5 17.a4 Kf7 18.Rh1 Ke6 19.h4 Rfb8 20.hxg5 hxg5 21.b3 c6 22.Ra2 b5 23.Rha1 c4

Winter alifungua mstari wa h, lakini ngome yake haikupata pa kugonga: f6 inalindwa na mfalme, c7 na askofu. Halafu ikabidi irudi a1 kuzima moto. 24.axb5 cxb3 25.cxb3 Rxb5 26.Ra4 Rxb3 27.d4 Rb5 28.Rc4 Rb4 29.Rxc6 Rxd4, na Mweupe akakubali kushindwa. Askofu bado yuko g3.

Zoezi: chukua michezo yako mitano ya mwisho. Katika kila mmoja, simama hatua ya 15 na uandike kete ipi yako na ipi ya mpinzani ina miraba michache zaidi ya kwenda. Kisha uone kama ulicheza kwenye upande ambako kete yake mbovu haifiki. Mara nyingi utakuta ulimshambulia mpinzani palepale alipokuwa na nguvu zaidi.

Tahadhari: jela isiyo na kufuli ni bure. Kabla ya kuhesabu askofu wa mtu kuwa amefungwa, hakikisha hana hata askari mmoja wa kutoa kafara akafungua njia. Watu husukuma g5 kwa kuiga mchezo huu, mfalme wao yuko g8 na malkia bado wako ubaoni, na wanaishia kujivua nguo wenyewe. Capablanca alisukuma baada ya kuona kwamba malkia watabadilishwa hatua nne mbele.

Mfalme anatembea: Capablanca dhidi ya Tartakower, New York 1924

Ukiwa na muda wa mchezo mmoja tu, usome huu. Panga hali hii moja kwa moja, baada ya 34...gxf5:

Mweupe: mfalme f3, ngome h7, askari a4, c3, d4, f4, g5.
Mweusi: mfalme f8, ngome c6, askari a7, b6, c7, d5, f5.

Zamu ya Mweupe. Askari watano kwa watano. Ngome nyeusi inamtolea macho c3, na akianguka huyo wengine watafuata. Funika, andika hatua yako. Wengi huandika Rh3, kurudi kulinda. Hiyo ni hatua ya mtu anayehesabu askari.

Sasa itazame ngome nyeupe ilipo. Safu ya 7 ni yake. Mfalme mweusi amebanwa safu ya 8, hawezi kutoka. Askari wa g5 hana askari wa kumzuia mbele yake wala pembeni. Kitu kimoja tu kinakosekana: mfalme mweupe karibu naye. Njia ni g3, h4, g5, f6. Inagharimu askari wawili. Capablanca akalipa.

35.Kg3 Rxc3+ 36.Kh4 Rf3 37.g6

Askari ameondoka g5 ili kumpisha mfalme. 37...Rxf4+ 38.Kg5 Re4. Hesabu: askari weupe watatu, weusi watano. Hapa ndipo pa kufunika tena. Askari wa f5 anaweza kuliwa. Umle?

39.Kf6. Hakumla. Askari mweusi wa f5 ndiye anayemkinga mfalme mweupe na cheki za nyuma kwenye mstari wa f. Ukimla, umebomoa kibanda chako wakati wa mvua. Tena mfalme akiwa f6, Rh8 ni chekimeti, hivyo Mweusi hana nafasi ya kupumua.

39...Kg8 40.Rg7+ Kh8 41.Rxc7 Re8. Ngome ililazimika kurudi, maana Rc8+ ingemaliza. Sasa ngome nyeusi imekuwa mlinzi wa geti, na ndipo askari wanapoanza kuliwa kwa mpangilio: 42.Kxf5 Re4 43.Kf6 Rf4+ 44.Ke5 Rg4 45.g7+ Kg8 46.Rxa7 Rg1 47.Kxd5 Rc1 48.Kd6 Rc2 49.d5 Rc1 50.Rc7 Ra1 51.Kc6 Rxa4 52.d6, Mweusi akakubali.

Angalia kwamba f5 aliliwa hatua ya 42, si ya 39. Askari yule yule, hatua tatu baadaye, kazi yake ya kukinga ikiwa imekwisha.

Zoezi la mchezo huu ni gumu lakini linalipa. Tafuta mwenzako, pangeni hali ya hatua ya 35, dakika 10 kila mmoja. Cheza Mweupe mara tatu, kisha Mweusi mara tatu. Ukiwa Mweusi utagundua jinsi ilivyo kero kuwa na askari wengi na mfalme aliyefungiwa. Hisia hiyo ndiyo unayopaswa kuibeba, kwa sababu siku yako ikifika, mkono wako utataka kulinda askari wa c3.

Katika ngome na askari, basi, uliza kwa mpangilio huu: ngome yangu imekata njia ya mfalme wake? Nina askari anayeweza kwenda hadi mwisho? Mfalme wangu yuko hatua ngapi kutoka kwake? Hesabu ya askari iwe swali la nne.

Usidhani hakuwa na meno

Moscow, 1914, dhidi ya Ossip Bernstein, Capablanca akiwa Mweusi. Baada ya 29.Rxc3 ubao uko hivi: Mweupe ana mfalme g1, malkia e2, ngome c3, askari a2, e3, f2, g2, h2. Mweusi ana mfalme g8, malkia b6, ngome d8, askari a7, f7, g7, h7.

Mfalme mweupe hana dirisha, askari wake mwenyewe wa f2, g2 na h2 wamemziba. Safu ya kwanza ikiguswa amekwisha. Lakini Mweusi pia hana dirisha, na hapo ndipo wengi huanguka. Ukicheza 29...Qb1+ 30.Qf1 Rd1, unaona umeshinda, kumbe 31.Rc8+ inakuua wewe.

Capablanca alicheza 29...Qb2. Malkia anajitoa aliwe, na huku anamtishia malkia na ngome kwa pamoja. Fuatilia majibu manne makuu: 30.Qxb2 Rd1#. 30.Qe1 Qxc3, na akila malkia, Rd1+ inamaliza. 30.Rc2 Qb1+ 31.Qf1 Qxc2. La nne ndilo lenye mtego, 30.Qd3: ukikimbilia kula 30...Rxd3 unamalizwa na 31.Rc8+, na ukila ngome 30...Qxc3 unapigwa 31.Qxd8#. Jibu ni 30...Qa1+, kisha baada ya 31.Qf1 unakula ngome ya c3. Bernstein hakusubiri kuonyeshwa. Alikubali hapo hapo.

Tunauweka mchezo huu hapa kwa sababu ya tafsiri mbaya iliyozoeleka, kwamba Capablanca ni mchezaji wa kusubiri. Alisubiri akiwa ameona. Fanya mafumbo ya kushambulia 10 kila siku kabla ya kugusa mchezo wake wowote, hasa yale ya safu ya kwanza. Bila hayo, "urahisi" wake utakuwa uvivu mikononi mwako.

Kubadilishana kete: hapa ndipo wanaomuiga huharibu

Mwanafunzi anasikia Capablanca alipenda kurahisisha ubao, basi anabadilisha kila kinachogusana. Baada ya hatua 25 amebaki na askofu mbovu, mpinzani ana farasi mzuri, na hajui alipokosea.

Kila kubadilishana kwake kulikuwa na kazi. Mfano ulio wazi ni ule unaobeba jina lake katika ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia iliyokataliwa: 1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.Bg5 Be7 5.e3 O-O 6.Nf3 Nbd7 7.Rc1 c6 8.Bd3 dxc4 9.Bxc4 Nd5. Mweusi amebanana, askofu wake wa c8 hana pa kutokea. Anatoa jozi mbili za kete, 10.Bxe7 Qxe7 11.O-O Nxc3 12.Rxc3, kisha 12...e5. Kete zimepungua, nafasi imepatikana, na mlango wa askofu wa c8 umeanza kufunguka. Kubadilishana kulikuwa na anwani: e5.

Kabla hujala kete ya kubadilishana, jibu kwa sauti ndogo: inayobaki kwangu ni nzuri kuliko inayobaki kwake? Nani atafika kwanza kwenye mstari ulio wazi? Mfalme wangu yuko karibu na katikati kuliko wake? Ukipata majibu mawili ya ndiyo, badilisha. Ukipata moja, ngoja. Mwenye nafasi kubwa ubaoni kwa kawaida hana haraka ya kubadilisha. Aliyebanwa ndiye anayetafuta hewa.

Michezo ya 1927

Kabla ya Buenos Aires, Alekhine hakuwahi kumshinda Capablanca hata mara moja. Alikwenda akiwa ameichambua michezo ya bingwa kwa kina. Pambano lilikwenda michezo 34: Alekhine alishinda 6, Capablanca 3, sare 25. Karibu michezo yote ilikuwa Gambiti ya Malkia iliyokataliwa, na ukiisoma mfululizo inachosha kama kula ugali mkavu wiki nzima.

Isome hata hivyo, baada ya kumaliza michezo kama 20 ya miaka ya nyuma, na uisome ukiwa upande wa Alekhine. Safari hii unatafuta mahali Capablanca alipocheza hatua ya asili, ya haraka, ile iliyoonekana kujitosheleza, na mpinzani akakaa chini kuihoji. Kipaji chake cha kuona haraka kilimfanya asitafute zaidi, na kwa mtu aliyejiandaa hicho kilikuwa kishikio.

Kwa hiyo kwenye daftari lako ongeza safu moja: muda. Kila hatua uliyoitabiri, andika ulitumia sekunde ngapi. Baada ya michezo kumi, pitia makosa yako na uyagawe mafungu mawili, yaliyochukua chini ya sekunde 30 na yaliyozidi dakika 3. Fungu la kwanza likiwa kubwa, tatizo lako ni mkono. Kalia viganja vyako. La pili likiwa kubwa, tatizo ni hesabu, na dawa yake ni mafumbo zaidi na kurudia zile hali tatu za mwisho wa mchezo, kuanzia ile ya ngome.